Bibi Packard na Mlango Uliofungwa

Msomaji mwema, nataka kukusimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyefungwa miaka mitatu katika nyumba ya wenda wazimu, naye hana wazimu. Hakuiba, hakumpiga mtu, wala hakuvunja amri ya serikali. Kosa lake lilikuwa kwamba alitofautiana na mume wake katika mambo ya dini, na mawazo yake akayasema mbele ya watu. Jina lake ni Elizabeth Packard. Wanawake waliofungwa namna hii walikuwa wengi, katika Marekani na katika Ulaya pia. Nimemchagua huyu kwa kuwa alipotoka hakunyamaza.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1816 katika mji wa Ware, jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani. Baba yake, Samuel Ware, alikuwa mchungaji wa kanisa lililofuata mafundisho ya John Calvin. Mzee huyu alimpa binti yake elimu bora kuliko ile waliyoipata wasichana wengi wa siku zile, na binti akawa mwalimu. Alipokuwa na umri wa miaka 19 aliugua homa kali iliyomvuruga fahamu, na baba yake akampeleka katika hospitali ya wenda wazimu ya Worcester. Alikaa huko majuma machache, akapona, akarudi nyumbani. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana baada ya miaka mingi litafufuliwa liwe ushahidi juu yake.

Mwaka 1839 aliolewa na Theophilus Packard, naye pia mchungaji wa mafundisho yale yale, aliyemzidi umri kwa miaka 14. Walijaliwa watoto sita, wavulana watano na msichana mmoja. Kwa miaka karibu ishirini hapakuwa na neno kubwa baina yao lililojulikana na majirani. Bibi alipika, alishona, alilima bustani, alilea. Mwaka 1857 wakahamia kijiji cha Manteno katika jimbo la Illinois, ambako Bwana Packard alipata kanisa la kuchunga.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mafundisho ya Calvin yalisema kwamba kila mwanadamu huzaliwa akiwa amepotoka kabisa, na ya kuwa Mungu alikwisha kuwachagua tangu zamani watakaookoka na watakaopotea. Bibi Packard alipowatazama watoto wake hakuweza kusadiki kuwa wamezaliwa waovu. Aliona kwamba mtu amepewa hiari, naye ataulizwa kwa yale aliyoyachagua. Kanisani palikuwa na darasa la watu wazima la kusoma Biblia, na Bibi akawa akiyasema mawazo haya darasani. Watu walipenda kumsikiliza. Bwana Packard akaona aibu, labda na hofu pia: je, mchungaji ambaye mkewe mwenyewe hakubali mahubiri yake, waumini watamfuataje? Akamtaka anyamaze. Bibi akakataa kunyamaza, akataka ruhusa ahamie kanisa jingine. Basi mume akaanza kunong'ona kwa watu kwamba mke wake amepatwa na wazimu.

Na sasa tuitazame sheria, kwa sababu bila ya sheria mnong'ono ule usingalikuwa na nguvu. Jimbo la Illinois lilikuwa na hospitali ya wenda wazimu katika mji wa Jacksonville. Sheria ya mwaka 1851 iliagiza kwamba mtu hawezi kuingizwa humo mpaka wazimu wake uthibitishwe kwa ushahidi. Lakini iliwatoa watu wa aina mbili katika ulinzi huo, yaani wanawake walioolewa na watoto wadogo. Hao waliweza kupokewa kwa ombi la mume au mlezi, ikiwa daktari mkuu wa hospitali naye ameona kuwa ni wagonjwa, bila ya ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Msichana asiyeolewa alilindwa. Siku alipovaa pete, ulinzi ukamtoka. Sheria za nchi ile zilihesabu kwamba mume na mke ni mtu mmoja, na mtu huyo mmoja alikuwa mume.

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 1860 Bibi Packard alikuwa chumbani mwake, hajamaliza kuvaa, aliposikia miguu ya watu. Akafunga mlango kwa ufunguo. Mumewe akachukua shoka, akavunja dirisha, akaingia pamoja na waganga wawili, ambao wote wawili walikuwa waumini wa kanisa lake, na askari mkuu wa wilaya. Kila mganga akamshika mkono akapima mapigo ya mshipa wake, na kila mmoja akasema kuwa ana wazimu. Uchunguzi ukawa umekwisha. Hapakuulizwa swali hata moja.

Bibi hakupigana, lakini hakukubali kutembea kwa miguu yake kwenda kifungoni. Alisema kwamba akienda mwenyewe itakuwa kama ameridhika. Wakambeba. Kwenye stesheni ya gari la moshi watu wengi walikusanyika, wengine wakiwa rafiki zake. Walitazama, walinung'unika, wala hakuna aliyeinua mkono, kwa kuwa waliambiwa kwamba jambo linalotendeka ni halali. Nyumbani aliacha mtoto wa kunyonya aliyekuwa hajatimiza miaka miwili.

Daktari mkuu wa Jacksonville aliitwa Andrew McFarland. Alikuwa mtu wa elimu na sifa, na madaktari wenzake kote Marekani walimheshimu. Mwanzoni alimpokea Bibi Packard kwa adabu, akamweka katika sehemu bora ya hospitali, akawa akizungumza naye. Lakini Bibi alikuwa na macho. Aliwaona wagonjwa wakipigwa, wakizamishwa ndani ya maji baridi, wakifungwa peke yao, na aliwaona wanawake wenye akili timamu kama yeye, walioletwa na waume zao. Baada ya miezi michache alimwandikia Daktari barua ya kumkaripia. Jawabu la Daktari lilikuwa kumhamisha. Alipelekwa katika sehemu ya nane, kwa wagonjwa wakali, mahali pachafu penye harufu mbaya na makelele ya usiku kucha.

Ningependa ukitafakari kitendo chake cha kwanza mle ndani. Aliomba beseni, maji na sabuni, akaanza kuwaosha wagonjwa, mmoja mmoja, na kusafisha vyumba vyao. Alijua kwamba mtu aliyewekwa kati ya wenda wazimu, akitendewa kama mwenda wazimu kila siku, aweza mwisho kuupata wazimu wenyewe. Basi akajiwekea utaratibu wa kazi, wa kuoga, wa kunyosha viungo, wa kusali. Na juu ya yote akaandika. Karatasi zilikuwa adimu, na barua za wagonjwa zilisomwa na Daktari, aliyezuia zile asizozipenda. Nyingi hazikufika kokote. Alipata vipande vya karatasi kwa hila, akaandika habari za kila siku, akavificha nyuma ya kioo chake cha kujitazamia na ndani ya nguo. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu baadaye.

Njia ya kutoka haikuwa ngumu kama unavyodhani. Alitakiwa tu akiri kwamba alikuwa mgonjwa, ya kuwa mawazo yake ya dini yalikuwa ndoto za homa, na kwamba sasa yu tayari kumtii mumewe. Wengine walikiri, wakaenda zao, na siwezi kuwalaumu. Mtu mwenye watoto hufanya mengi. Bibi Packard alikataa kwa miaka mitatu. Mwezi wa Septemba 1862 alipewa nafasi ya kusema mbele ya wadhamini wa hospitali. Alisoma karatasi ambayo Daktari alikuwa ameiona, kisha akatoa ya pili ambayo Daktari hakuiona, akasoma mashtaka yake juu ya mume wake na Daktari mwenyewe. Wadhamini walishangaa. Hawakumfungulia, lakini tangu hapo walianza kuwaza namna ya kumwondoa.

Tarehe 18 Juni 1863 alitolewa, miaka mitatu kamili tangu alipochukuliwa. Mwanawe mkubwa alikuwa amefikia umri wa mtu mzima na alikuwa ameomba mama yake afunguliwe. Lakini katika kitabu cha hospitali hakuandikwa kuwa amepona, wala kwamba hakuwa mgonjwa. Iliandikwa kwamba ugonjwa wake hauponi!

Mwezi wa Oktoba akarudi Manteno kwa watoto wake. Mumewe akamfungia katika chumba kimoja, akapigilia misumari madirisha, akamnyima wageni na barua. Na hapa, msomaji, Bwana Packard alikosea, kosa la mtu aliyezoea kutokuzuiwa. Sheria ilimruhusu kumtia mkewe katika hospitali ya wenda wazimu. Haikumruhusu kuifanya nyumba yake kuwa gereza. Yule mwanamke ambaye hakuna mahakama iliyoweza kumtoa Jacksonville, sasa mahakama iliweza kumfikia.

Siku moja mumewe alisahau barua chumbani mwake. Bibi akazisoma, akajua kwamba inafanywa mipango ya kumpeleka katika hospitali nyingine, mbali kabisa, huko Northampton katika jimbo la Massachusetts. Akaandika barua ya haraka, akaipenyeza dirishani, ikamfikia rafiki yake aitwaye Bibi Sarah Haslett. Bibi Haslett akaipeleka kwa Jaji Charles Starr katika mji wa Kankakee. Mwezi wa Januari 1864 Jaji akatoa amri ambayo tangu zamani huitwa kwa Kilatini habeas corpus, maana yake kwamba anayemzuia mtu amlete mtu huyo mbele ya mahakama na kueleza anamzuia kwa haki gani. Amri hii nasi tunayo: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 25, imeitaja miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Bwana Packard akaja na mkewe, akajibu kwamba anamzuia kwa kuwa ni mwenda wazimu. Vema, akasema Jaji, na tuone. Akaita watu 12 wa baraza wasikilize ushahidi na kuamua kama mwanamke huyu ana akili timamu. Watu wa baraza la namna hii si mahakimu; ni raia wa kawaida, na siku zile walikuwa wanaume watupu.

Kesi ilianza tarehe 13 Januari. Mji mzima ulijaa mahakamani, wanawake wakiwa wengi. Mganga mmoja aliyemchunguza Bibi Packard alikiri kuwa alikwenda nyumbani kwake akijifanya mwuzaji wa cherehani, apate kumsikia akizungumza. Akataja hoja 15 za kuonyesha wazimu wake. Mojawapo ilikuwa kwamba hakupenda kuitwa mwenda wazimu. Nyingine, kwamba hakukubali kupeana mkono na mganga wakati wa kuagana. Watu wa kanisa wakashuhudia kwamba alitaka kuacha kanisa la mumewe, na ya kuwa alikuwa na fikira ngeni juu ya Utatu Mtakatifu, akisema kwamba ndani yake mna nafsi ya kike. Siwezi kukuficha kwamba baadhi ya mawazo yake ya dini yalikuwa ya ajabu, wala ulimi wake haukuwa mpole. Nadhani kama angalikuwa mtu wa kupendeza kila mtu, mambo haya yote yasingalimfika. Lakini swali lililokuwa mbele ya mahakama halikuwa kama anasema kweli juu ya Mungu.

Mtu aliyelinyosha jambo hili alikuwa Daktari Duncanson, ambaye alisomea utabibu na elimu ya dini pia. Alikuwa amezungumza na Bibi Packard saa tatu nzima. Alisema kwamba mafundisho mengi ya Bibi yeye hakubaliani nayo, lakini kutokubaliana na mtu si kumwona kuwa ni mwenda wazimu; na fikira zile zilizowashangaza watu wa Manteno zilikuwa zimepata kusemwa na wanavyuoni wa zamani. Bibi mwenyewe alisoma mbele ya mahakama maandishi yake kuhusu dini, mstari kwa mstari, kwa sauti iliyo tulivu.

Tarehe 18 Januari baraza liliingia faraghani. Lilikaa dakika saba. Liliporudi lilisema kwamba Elizabeth Packard ana akili timamu, na wanawake mahakamani wakasimama wakipunga leso na kulia.

Huenda ukafikiri kwamba hapa ndipo kisa kinapokwisha. La. Hata kabla ya hukumu Bwana Packard alikuwa amekwisha toroka. Bibi aliporudi nyumbani alikuta nyumba imepangishwa kwa watu wengine, samani zimeondoka, nguo zake zimechukuliwa, na watoto wamepelekwa Massachusetts. Ilikuwa katikati ya baridi kali. Akataka kushtaki, akajulishwa kwamba hana la kushtaki. Mali yote ya ndoa ni ya mume, hata ile aliyoitoa mke mfukoni mwake. Watoto ni wa mume. Wenye akili timamu na wenye wazimu, ikiwa ni wake za watu, walikuwa sawa katika jambo hilo. Alikuwa na miaka 47, hana nyumba, hana fedha, hana mtoto hata mmoja karibu yake.

Akakopa nauli, akaenda Chicago kuchapisha habari zake. Wapiga chapa walitaka fedha kwanza. Basi akatengeneza tiketi, akazunguka mlango kwa mlango akiwauzia watu kitabu ambacho bado hakijakuwako. Kwa fedha hizo akachapa, akauza, akachapa tena. Vitabu vyake vikauzwa kwa maelfu, akanunua nyumba yake mwenyewe. Sijui kama kuna mwandishi wa siku hizi ambaye angethubutu kufanya biashara ya namna hiyo.

Kutoka hapo alianza kuwaendea watunga sheria, akianza na Massachusetts na Connecticut, kisha akarudi Illinois. Mwaka 1867 baraza la Illinois lilipitisha sheria kwamba mtu yeyote, mwanamume kwa mwanamke, aliyeolewa au asiyeolewa, asifungwe kwa sababu ya wazimu mpaka ahukumiwe na baraza la raia mbele ya watu. Tena sheria hiyo iliwahusu na wale waliokwisha kuwa ndani. Mwaka ule ule iliundwa kamati ya kuchunguza hospitali ya Jacksonville. Daktari McFarland alijitetea kwa nguvu. Alitoa barua ya mapenzi ambayo Bibi Packard alimwandikia wakati wa kifungo chake, na barua ile ilimwumiza Bibi sana, kwa maana ni kweli alikuwa ameiandika. Mtu aliyefungwa humtazama mwenye funguo kwa njia nyingi, na nyingine haziwi za kujivunia baadaye. Hata hivyo kamati iliona kwamba wagonjwa walitendewa vibaya, ikashauri Daktari aondolewe. Wadhamini wakamtetea, akabaki, na mwaka 1870 akajiuzulu.

Mwaka 1869 Bibi Packard alikuwa tayari kwenda mahakamani kudai watoto wake walio wadogo. Mumewe hakungoja kesi, aliwaachilia. Watatu wakaja kukaa na mama yao Chicago. Mtoto yule aliyeachwa akinyonya alikuwa sasa na miaka kumi.

Madaktari wengi hawakumsamehe. Walisema kwamba sheria yake inawaburuta wagonjwa mahakamani kama wezi, na aibu zao kutangazwa mbele ya umati. Katika neno hili walikuwa na haki kwa sehemu. Mwaka 1875 Mary Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln, alishtakiwa mjini Chicago na mwanawe mwenyewe kwamba ana wazimu. Alipata kesi ya baraza, kama sheria ilivyotaka, na baraza hilo, wanaume 12, likamtia hatiani upesi. Alifunguliwa baada ya miezi michache. Katika miaka ya 1890 jimbo la Illinois lililegeza sheria ile, ikawezekana uchunguzi ufanywe na madaktari badala ya baraza.

Lakini Bibi Packard alikuwa amekwisha kuona mlango wa pili. Alisema kwamba mgonjwa akiweza kutuma barua bila kusomwa, mateso hayawezi kufichika. Jimbo la Iowa lilikubali mwaka 1872, likaweka sheria ya kulinda barua za wagonjwa. Mwaka 1875 alikwenda hadi Washington kuomba sheria hiyo iwe ya nchi nzima, akaonana na Rais Grant, Bunge halikuipitisha. Akaendelea na majimbo mengine, mwaka baada ya mwaka, mkoba wa vitabu mkononi. Hakumwacha mume wake kwa talaka, wala hakurudi kwake. Bwana Packard alikufa mwaka 1885, na Bibi akafa mjini Chicago tarehe 25 Julai 1897, akiwa na umri wa miaka 80.

Katika Springfield, mji mkuu wa Illinois, kuna hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili, ambayo kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Daktari McFarland. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ililiondoa jina hilo, ikaweka mahali pake jina la Elizabeth Packard.